Valvu Ubavuni, Valvu Kichwani: Tuliyojifunza Katika Injini Ndogo za Malindi

Kwenye karakana za Malindi, injini ndogo za petroli zinazoletwa sana ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya mashine kuukuu ya kukata nyasi kutoka nyumba za ufuoni, mara nyingi Briggs & Stratton ya nguvu za farasi 3.5 au 5. Ukiitazama kichwani huoni kitu ila bamba la aluminiamu lenye mapezi ya kupozea, na plagi imechomoza. Ya pili ni ya pampu ya maji kutoka mashamba ya kando ya mto Sabaki: Honda GX160, au mojawapo ya nakala zake za Kichina, yenye kava lililotokeza mbele ya hedi, yaani kichwa cha injini. Ile ya kwanza valvu zake, yaani milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi, zimekaa ndani ya bloku (mwili wa injini), ubavuni mwa silinda. Hii ya pili valvu zake ziko kwenye hedi, zikiitazama pistoni uso kwa uso. Ukishaielewa tofauti hiyo moja, magonjwa ya injini zote mbili hayakusumbui kuyatambua.

Wateja hupenda kusema za zamani zilikuwa chuma, za siku hizi ni bati. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Injini ya valvu za ubavuni huvumilia petroli mbovu na uzembe fulani kwa sababu kompresheni yake, yaani mbano wa mchanganyiko kabla haujawaka, ni ndogo na sehemu zake zinazotembea ni chache. Lakini kompresheni hiyo hiyo ndogo ndiyo inayomaliza petroli, na pale zilipokaa valvu ndipo joto linapoiharibu. Huwezi kuchukua uvumilivu ukaacha ulafi.

Tuanze na umbo. Katika injini ya valvu za ubavuni, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko chini karibu na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Inasukuma tapeti, kipande kifupi cha kati, na tapeti inasukuma mguu wa valvu moja kwa moja. Hakuna pushrodi (fimbo ya kusukumia) wala roka (mkono wa kuibonyeza valvu), na hedi ni kama kifuniko cha sufuria tu, ndani yake hakitembei kitu. Gharama yake iko kwenye njia ya hewa. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapanda kupitia valvu, unagonga hedi, unageuka, kisha ndiyo unaingia juu ya pistoni. Moshi nao unarudi kwa njia ya kona vilevile. Tena chumba cha kuwakia hakiwezi kuwa kidogo, maana lazima kianzie juu ya valvu mbili kifike juu ya pistoni. Chumba kikiwa kikubwa, kompresheni inashuka.

Tazama namba. Ford V8 ya 1932, injini iliyosifiwa dunia nzima, ilikuwa na lita 3.6 na ilitoa farasi 65, uwiano wa kompresheni 5.5 kwa 1, yaani mchanganyiko ulibanwa mara 5.5. Jeep ya Willys ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa na lita 2.2, farasi 60, uwiano usiofika 6.5. Sasa chukua Toyota Probox iliyoegeshwa nje ya karakana, yenye injini ya 1NZ-FE: lita 1.5, valvu 16 kichwani, kamshafti mbili juu, uwiano 10.5, na takriban farasi 109. Kwa kila lita, V8 inatoa farasi 18 na Probox inatoa zaidi ya 70. Kwa injini ndogo mfano mzuri ni wa Honda wenyewe. G200 yao ya valvu za ubavuni ilikuwa na cc 197 na farasi 5. Mwaka 1983 walipoanza kutoa GX, GX140 ya cc 144 ikafikisha farasi zilezile 5.

Kwa hesabu ya vitabuni, kupandisha uwiano kutoka 6 hadi 8.5 kunaongeza kazi inayopatikana katika petroli ileile kwa karibu asilimia 12. Shambani faida ni kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa kile chumba kipana cha ubavuni kina kuta nyingi za kunyonya joto kabla halijasukuma pistoni. Kwenye kuta hizo za baridi petroli nyingine haiungui kabisa, inatoka na moshi. Sheria za moshi za injini ndogo zilipoanza California mwaka 1995, injini za namna hii zikaanza kukosa nafasi sokoni.

Haikuwa kwamba wa zamani hawakujua. Mwingereza Harry Ricardo, mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alibuni hedi inayobana nafasi juu ya pistoni na kukiacha chumba upande wa valvu, ili pistoni ikifika juu iufyatue mchanganyiko kwa nguvu uvurugike na kuwaka haraka. Kugonga kwa injini, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo, kulipungua sana na uwiano ukaweza kupanda kidogo. Lakini kuna mpaka: ukiibana zaidi hedi, unaziba ile njia ya hewa kutoka kwenye valvu. Dizeli inataka uwiano wa 15 na kuendelea, kwa hiyo haikupata mahali hapo. Mtengenezaji mmoja, Lister, anaonyesha hilo: injini yake ndogo ya D ya petroli, farasi 1.5, ina valvu ubavuni. Ile ya CS ya dizeli, farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, ambayo umbo lake limezoeleka kwenye mashine za kusaga unga, ina pushrodi na roka juu.

Sasa joto, ambalo ndilo jambo lenyewe hapa pwani. Kwenye valvu za ubavuni, njia ya moshi inapita ndani ya bloku, pembeni kabisa mwa silinda. Ford V8 ilijulikana kwa kuchemsha maji kwa sababu hiyo: moshi wa silinda nne za kila upande ulipita katikati ya maji ya bloku na kutokea kwenye matundu matatu tu, silinda mbili za kati zikigawana moja. Kwenye injini ndogo inayopozwa kwa upepo hakuna maji ya kuchemka, ila upande wa valvu ya moshi unapata joto kuliko upande wa pili, na silinda inapoteza uduara wake. Ringi za pistoni hazikai sawasawa, oili inapanda, moshi wa buluu unatoka. Fundi anabadilisha ringi, na baada ya miezi michache moshi umerudi, kwa sababu chanzo bado kipo chini ya kava la feni.

Chanzo chenyewe ni nyasi. Nyasi kavu za kaskazi na vumbi la mchanga huingia kwenye wavu wa feni na kujaza mapezi, hasa yale yaliyo kati ya silinda na chumba cha valvu, ambayo kwa nje huyaoni. Vitabu vinasema safisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Kwa bustani za Malindi tunasema toa kava kila baada ya saa 25 mpaka 50. Tumia kijiti na brashi. Ukitumia maji ya bomba yenye chumvi, unaongeza ule unga mweupe unaokula aluminiamu. Kazi ya dakika 20 inaokoa silinda nzima.

Dalili ya valvu ya moshi iliyoharibika ni mashine inayowaka vizuri asubuhi, inapoteza nguvu ikipata joto, na ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe. Watu hununua plagi kwanza, halafu kabureta nzima. Toa waya wa plagi na uushikize mbali, plagi ibaki mahali pake, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la krenki, kwa mkono kinyume na mwendo wake wa kawaida. Injini isiyo na kasoro itakurudishia mkono kwa kishindo. Kwa nini kinyume? Kwa sababu kamshafti za Briggs hizi zina mwinuko mdogo unaoachia kompresheni kidogo ili kamba isiwe nzito, na ukizungusha mbele utadanganyika. Kipimo cha kumimina oili kwenye tundu la plagi ili kujua kama ni ringi au valvu nacho kinadanganya kwenye mashine ya nyasi: silinda yake imelala, oili inatulia upande mmoja wa ukuta.

Kishindo kisiporudi, fungua hedi. Ina bolti 8, na hazilingani urefu; zile ndefu huwa upande wa valvu ya moshi. Toboa matundu kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio uleule uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi, itafika mwisho kabla haijabana hedi, au itachana nyuzi za aluminiamu. Kwangua kaboni kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, si bisibisi. Vitabu vya Briggs vilitaka kaboni ikwanguliwe kila saa 100 hadi 300, na huo nao ni mzigo wa umbo lake: kaboni inajaa kwenye mfuko wa valvu mahali ambapo upepo wa pistoni hauifikii. GX160 inataka kazi hiyo kila saa 500.

Sasa valvu. Nyuma ya kabureta kuna kibati cha chumba cha valvu, ambacho pia ni cha kupumulia oili. Kitoe. Peleka pistoni juu kabisa kwenye mwendo wa kubana, kisha ipitishe ishuke milimita 6, ili ule mwinuko wa kuachia kompresheni usiguse. Pima nafasi kati ya mguu wa valvu na tapeti kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi. Kwa nyingi za farasi 5, valvu ya hewa inataka milimita 0.13 hadi 0.18, ya moshi 0.23 hadi 0.28. Modeli zinatofautiana, basi soma namba iliyopigwa kwenye kava la feni kabla hujaamini namba ya mtu, hata hii yetu.

Hapa pana jambo linalowashangaza waliozoea GX: hakuna skrubu ya kurekebisha. Valvu ikichakaa inazama kwenye kiti chake, mguu unashuka kuelekea tapeti, na nafasi inapungua. Dawa ni kuitoa valvu nje na kuusaga mguu wake mwishoni, kidogo kidogo, ukiwa wima kabisa dhidi ya jiwe. Ukisaga ukapitiliza, nafasi inakuwa kubwa na huwezi kukirudisha chuma. Utabaki kukikata kiti kishuke zaidi, au kununua valvu nyingine. Ndiyo maana unasaga kiti na uso wa valvu kwanza, kwa pesti ya kukwaruza kisha laini, na mguu unausaga mwisho. Wanaoanza na mguu hupima vizuri, wakasaga kiti, kisha wakakuta nafasi imepotea tena.

Mstari wa kijivu unaobaki kwenye kiti uwe na upana wa milimita 1.2 hadi 1.6 na uzunguke bila kukatika. Ukingo wa kichwa cha valvu ukipungua chini ya milimita 0.4, itupe, ukingo mwembamba unawaka mwekundu, unapasuka. Osha pesti yote kwa petroli, maana punje moja ikiingia kwenye silinda itafanya kazi ya msasa. Kisha laza bloku ili valvu zitazame juu, mimina petroli juu ya valvu zilizofungwa uangalie kama inavuja kwenye matundu ya hewa na moshi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na katika kazi zote za injini hizi ndicho tunachokipenda zaidi.

Kaza bolti kwa mzunguko wa kupishana, mara tatu, mpaka karibu Nm 16, na gasketi iwe mpya. Bolti zipakwe grisi ya grafaiti kidogo kwenye nyuzi, kwa sababu chumvi ya bahari ikikutana na chuma ndani ya aluminiamu, mwakani bolti haitoki ila kwa kuvunjika.

Kuna neno moja la mafundi wa injini hizi ambalo lisidharauliwe: injini inayogonga kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamaza. Kelele ndogo ya tapeti maana yake valvu inafunga. Kimya cha ghafla kwenye injini iliyochakaa ni valvu inayokaribia kuungua.

GX160 kwenye meza ni kazi nyingine. Kava lina bolti 4. Peleka pistoni juu kabisa kwenye mwendo wa kubana, hakikisha roka zote mbili zinacheza, pima: hewa milimita 0.15, moshi 0.20, kila moja ikiruhusiwa kuzidi au kupungua 0.02. Ikiwa hazifiki, legeza nati ya kufungia, zungusha kitovu cha roka, funga, pima tena, maana nati ikikazwa hubadilisha kipimo. Dakika 15, na hujasaga chochote. Kitabu kinataka kazi hii kila saa 300 au mara moja kwa mwaka. Nakala za Kichina pima hata kabla hazijafanya kazi, zikitoka kwenye boksi. Nyingine huja na valvu zilizobana.

Kinachoiua GX ya Sabaki ni oili. Injini hii inabeba lita 0.6 tu, haina pampu ya oili wala chujio la oili, inarushiwa kwa kijiko kilicho chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Pampu ya shamba la mchicha na bamia inayofanya kazi saa 6 kwa siku inamaliza saa 100 ndani ya siku 17. Mwenye shamba anahesabu miezi, injini inahesabu saa. Konrodi ni ya aluminiamu bila beringi ya kubadilisha, na ikikauka inashika krenki, inakatika, inatoboa bloku. Ukiona tundu ubavuni mwa bloku, usiulize mengi.

Na ukingo wa mto una mteremko. Injini ikiinama zaidi ya nyuzi 20, kijiko hakifiki oili, au swichi ya oili inazima injini. Mtu anakasirika, anakata ule waya wa manjano wa swichi, injini inawaka. Inawaka kwa siku chache. Chimba sehemu bapa, weka ubao chini, jaza oili mpaka mdomo wa tundu injini ikiwa sawa, ndipo uamue kama swichi ni mbovu. Chujio la hewa nalo, sponji na karatasi, lisafishwe kila saa 50. Vumbi la mfinyanzi mkavu wa Sabaki ni jembamba sana, linakula ringi bila kelele.

Hapa ndipo ile sifa ya zamani ilipo na ukweli. Injini ikikaa miezi na petroli ndani, utomvu wa petroli iliyochacha hugandisha mguu wa valvu kwenye gaidi yake, yaani bomba linaloongoza mguu huo. Kwenye valvu za ubavuni, valvu iliyoganda wazi haiwezi kugongwa na pistoni, kwa kuwa haiko juu yake. Unaipaka mafuta ya kupenyeza, unaigonga taratibu kwa kishikio cha mbao, inashuka. Kwenye GX, valvu ikiganda unapovuta kamba pushrodi inapinda au inaruka kutoka kwenye roka. Kamba inakuwa nyepesi ghafla, bila kompresheni. Toa pushrodi, iviringishe juu ya kioo. Ikiyumba, badilisha, na usifunge mpya kabla hujaifungua valvu iliyoganda, la sivyo nayo utaipinda.

Kinga ni ileile kwa zote mbili. Funga bomba la petroli, acha injini imalize iliyo kwenye kabureta, kisha vuta kamba mpaka uhisi uzito, uiache hapo. Valvu zote mbili zimefungwa, unyevu wa bahari hauingii kwenye viti vyake.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huipata GX kwanza, maana uwiano wake ni 8.5 au zaidi na injini huanza kugonga ikibeba mzigo. Injini ya valvu za ubavuni, ya uwiano wa 6, inaivumilia bila kulalamika. Ila mafuta ya taa yasiyoungua yanashuka kwenye oili ya zote mbili. Oili ikinuka taa, mwaga hata kama saa hazijafika. Nayo madini ya risasi yaliyoondolewa kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 yalikuwa yakilinda viti vya valvu. Injini kuukuu yenye kiti kilichochongwa kwenye chuma cha bloku chenyewe, ikifanya kazi nzito, huzamisha valvu yake ya moshi haraka kuliko vitabu vyake vinavyosema.

Kuhusu magari tusikae sana. Probox haitaki kufunguliwa hedi mara kwa mara, na ikitaka, ni kwa sababu ilichemshwa. Hedi ya aluminiamu ikipinda, hakuna msasa wa kwenye kioo utakaoinyoosha kwa uhakika juu ya silinda nne. Ipelekwe kwenye mashine. Kwa hedi ya GX160 kioo na msasa vinatosha, na mpaka ni milimita 0.10.

Kwa pampu ya kila siku tungechukua valvu za kichwani bila kujadiliana. Kwa nyasi za Jumamosi, Briggs kuukuu yenye silinda nzima haina haja ya kutupwa. Ukiinunua kwa mtu, toa flaiwili uangalie mambo mawili. Zile za kabla ya 1982 zina platini (vidole vya kukatia umeme wa plagi) chini yake, na chumvi huzila: nafasi iwe milimita 0.5 na uso usiwe na kutu. La pili ni kile kifunguo laini kati ya flaiwili na krenki. Bustani zetu zimejaa mawe ya matumbawe, kisu kikigonga jiwe kifunguo kinakatika nusu, moto wa plagi unakuja wakati si wake, na kamba inakurudi mkononi. Kifunguo kipya ni bei ya soda. Usikibadilishe kwa kipande cha chuma kigumu, kwa sababu jiwe linalofuata litapinda krenki.